Siku moja maishani mwangu: kati ya seva na simu ya mnunuzi wa zabibu

Saa 12:30 asubuhi

Mwezi wa Agosti hapa Dodoma upepo huamka kabla ya watu. Nilipofungua dirisha la chumba changu, Area D, vumbi lilikuwa limekwisha kutanda mezani, nikaipangusa kompyuta kwa ncha ya kanga kabla ya kuiwasha. Kazi yangu ni kutengeneza na kutunza tovuti za wafanyabiashara wadogo, na inayonishughulisha zaidi msimu huu ni ya mama mmoja mwenye shamba la zabibu upande wa Hombolo. Wanunuzi wake huagiza kreti kwa simu zao, vijana wakakata zabibu alfajiri, na mzigo ukaingia mjini kabla jua halijakolea. Ujumbe wake ulikuwa umeingia tangu saa 11 alfajiri: mnunuzi mmoja ameonekana kuagiza kreti 20 mara 3, vijana wameshakata kreti zote 60, na mnunuzi mwenyewe anaapa kwamba aliagiza mara moja tu.

Nikampigia. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hizi 40 za ziada nizipeleke wapi? Zabibu ikishakatwa haingoji mtu."

Sikuwa na jibu la zabibu. Nilimwahidi kwamba jua halitazama kabla sijampa jibu la tovuti.

Saa 2:00 asubuhi

Ofisini nilimkuta kijana wa chuo kikuu anayefanya mafunzo kwa vitendo kwetu. Tulifungua pamoja kumbukumbu za seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, ambamo kila ombi linaloingia huandikwa kwa saa, dakika na sekunde zake. Oda zile tatu zilikuwa zimefuatana: 15:41:07, 15:41:11, 15:41:16, zote kutoka simu moja. Baadaye mama alitueleza kwamba mnunuzi alikuwa ndani ya basi karibu na Bahi, mtandao ukiingia na kutoka. Alibonyeza kitufe, hakuona badiliko lolote, akabonyeza tena, akabonyeza tena. Kila ombi lilifika salama. Majibu ndiyo yaliyochelewa kurudi.

Kumbukumbu zile zilionyesha na tatizo la pili, ambalo nililiandika pembeni kwenye daftari ili nilirudie mchana: saa ya seva ni ya UTC, yaani saa ya kimataifa, na 15:41 ya UTC ni saa 12:41 jioni ya kwetu. Mwisho wa kuagiza kwa ajili ya kesho yake ni saa 10 jioni. Oda ile haikupaswa kukatwa leo hata kidogo.

Saa 3:15 asubuhi

Kabla ya kugusa msimbo, yaani maandishi ya programu, nilimwomba kijana anieleze kwa maneno yake kinachotokea mnunuzi anapofungua ukurasa. Alianza vizuri, kisha akachanganya nani anafanya nini na wapi, kama wanavyochanganya wengi wanaoanza, kwa sababu msimbo wa pande zote mbili, wa seva na wa simu, unaweza kukaa ndani ya faili moja.

Kivinjari cha simu, yaani programu inayofungua tovuti, hutuma ombi. Kwenye seva skripti, yaani programu fupi, iliyoandikwa kwa lugha ya PHP huamka, huiuliza hifadhidata, ghala la taarifa za tovuti, zimebaki kreti ngapi na bei ni kiasi gani, huandika HTML, yaani maandishi ambayo kivinjari huyageuza kuwa ukurasa, yenye namba hizo, huituma, kisha huzimika na kusahau kila kitu. Kusahau huko ndiko kunakofanya tutumie kuki: kivinjari hubeba kipande kidogo cha utambulisho na kukionyesha kila kinaporudi, ili seva ijue kwamba huyu ndiye yule wa dakika mbili zilizopita. Mnunuzi haoni hata mstari mmoja wa PHP. Anachopokea ni matokeo yake tu. Ndani ya HTML hiyo imo programu ya lugha nyingine, JavaScript, ambayo seva haikuiendesha, iliibeba tu kama ilivyobeba maandishi mengine. Inaanza kufanya kazi ikishafika kwenye simu: inajumlisha bei kadiri idadi inavyoongezwa, inamwambia mtu kwamba namba yake haina tarakimu 10 au haianzi na 06 wala 07, na yote hayo bila kutumia bando kurudi kwenye seva.

Lugha hizi mbili zilitoka hadharani mwaka mmoja, 1995: PHP ya Rasmus Lerdorf mwezi Juni, na JavaScript ikatangazwa Desemba, baada ya Brendan Eich kuandika toleo lake la kwanza pale Netscape, kampuni ya kivinjari, kwa takriban siku 10. Kabla ya JavaScript, hata kosa dogo la kusahau kujaza jina ilibidi lisafiri hadi kwenye seva na kurudi ndipo mtu alijue, na kwa laini za simu za wakati ule safari hiyo haikuwa fupi.

Saa 5:00 asubuhi

"Lakini dada," kijana akasema, "kwa kuwa JavaScript inakagua kila kitu, seva inakagua nini tena?"

Swali hilo ndilo nilitamani aulize. Tulifungua nakala ya majaribio ya tovuti, nikamwonyesha zana za wasanidi zilizomo ndani ya kivinjari chochote cha kompyuta. Katika fomu ya kuagiza kulikuwa na sehemu iliyofichwa yenye jina "bei" na thamani 18000. Aliyeiandika tovuti hii kabla yangu aliiweka hapo ili JavaScript ipate kujumlisha. Nikamwambia afute sufuri tatu, aandike idadi 20, abonyeze Tuma. Jibu likaja kwa heshima zote: "Asante. Oda yako ya kreti 20 imepokelewa. Jumla: shilingi 360."

Alinyamaza muda mrefu, macho kwenye skrini. Mimi pia niliona ubaridi tumboni, kwa maana tovuti halisi ilikuwa na mlango huohuo wazi tangu msimu uliopita, na riziki ya mama ilikuwa inalindwa na uaminifu wa wanunuzi wake tu.

Simu ni ya mnunuzi. Kilichomo ndani yake anaweza kukisoma, kukibadilisha au kukizima, na anaweza hata kutuma ombi bila kivinjari chochote, kwa programu fupi ya mistari miwili. Kwa hiyo ukaguzi wa JavaScript ni huduma kwa mtu mwema asipoteze muda, na ukaguzi wa seva ni ulinzi wa mwenye mali, na ninaamini kwa dhati kwamba msanidi anayeacha mmojawapo hajaimaliza kazi. Tulibadilisha fomu itume vitu viwili tu, namba ya bidhaa na idadi. Bei seva inaisoma yenyewe kutoka kwenye hifadhidata, inajumlisha upya, na jumla iliyoonekana kwenye simu haiingii tena katika hesabu. Namba ya simu nayo inakaguliwa mara ya pili, kwa sharti lilelile.

Saa 7:00 mchana nilikula wali maharage, nikarudi.

Saa 8:00 mchana

Suala la saa lilinichukua muda kuliko nilivyotarajia. Skripti ilikuwa inauliza kama saa imeshafika 16, nia ikiwa saa 10 jioni. Lakini PHP isipoambiwa eneo la saa hutumia UTC, nayo Tanzania iko saa 3 mbele mwaka mzima. Matokeo yake mlango wa kuagiza ulikuwa unafungwa saa 1 usiku, wakati mama ameshapanga vijana wa alfajiri kwa hesabu ya saa 10 jioni. Niliweka eneo la Africa/Dar_es_Salaam kwenye uamuzi huo, na nikaacha hifadhidata iendelee kutunza saa za UTC.

Ukurasa ulikuwa ukimwonyesha mnunuzi "16:00", na mama aliwahi kuniambia kuwa wapo waliomuuliza hiyo ni saa ngapi. Niliandika kwa JavaScript kifungu kifupi kinachogeuza saa kuwa ya Kiswahili: toa 6, jibu likizidi 12, toa 12, likiwa 0 au chini yake, ongeza 12, kisha weka asubuhi, mchana, jioni au usiku panapostahili. Muda uliobaki sikuupima kwa saa ya simu, kwa kuwa simu nyingine huenda mbele au nyuma. Seva inatuma idadi ya sekunde zilizobaki, simu inazihesabu kushuka hadi sufuri, na oda ikifika ni seva inayoamua kama imewahi au imechelewa.

Saa 10:20 jioni

Mama alipitia ofisini akitoka Majengo. Zile kreti 40 alikuwa ameziuza kwa bei ya hasara, na hakunificha. Nilimpa kiti, nikamweleza dawa kwa kitu anachokitumia nyumbani kwake: tokeni ya LUKU. Ukishaiingiza kwenye mita umeme unapanda. Ukiirudia, mita inaikataa.

Tulichofanya kinafanana na hicho. Seva inapoandaa fomu, inaweka ndani yake tokeni, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu usiokisika. Oda ikija, tokeni inaandikwa kwenye safu ya hifadhidata isiyokubali kurudiwa, kwa hiyo ombi la pili lenye tokeni ileile haliongezi oda. Linarudishiwa risiti ya oda ya kwanza. Baada ya kuhifadhi, seva inajibu kwa namba 303, inayokiambia kivinjari kihamie ukurasa wa risiti, ili hata mtu akiupakia upya asiwe ameagiza tena. Upande wa simu, JavaScript inazima kitufe mara tu kinapobonyezwa na kuandika "Inatuma…", na mtandao ukikatika inakirudisha, mtu ajaribu tena kwa tokeni ileile bila hofu.

"Basi nipe nibonyeze," mama akasema. Alibonyeza kwa kidole gumba mara nyingi kwa kasi, oda ikawa moja. Kijana akazima JavaScript kabisa kwenye kivinjari chake, akapunguza kasi ya mtandao kwa zilezile zana za wasanidi, akabonyeza mara tatu. Kumbukumbu zikaonyesha maombi matatu. Hifadhidata ikaonyesha mstari mmoja.

"Weka leo," mama akaniambia, akasimama kuondoka.

Saa 2:04 usiku

Tulikuwa tumepandisha mabadiliko saa 12 jioni, nami nilikuwa nyumbani, kompyuta wazi kando ya sahani, nikisubiri oda ya kwanza ya mtu asiyejua kwamba kuna kilichobadilika. Iliingia kreti 8. Kumbukumbu zikaandika 17:04:32, ombi moja, kisha sekunde 6 baadaye lingine lenye tokeni ileile. Mtandao wake nao ulikuwa unasuasua. Nilifungua hifadhidata. Oda moja, shilingi 144,000, na kwenye safu ya siku ya kukata seva ilikuwa imeandika tarehe ya keshokutwa.

Nikampigia mama kumwambia kwamba kesho alfajiri vijana wasiiguse hiyo.