Mbegu za Bure Minnesota, na Mama Aliyeficha Zake Machakos

Juzi niliweka picha kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha Wakenya wa Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani: galoni za maziwa zimepangwa nyuma ya nyumba, theluji imezifunika hadi shingoni, na ndani yake kuna mbegu za mimea ya maua ya asili ya huku. Jamaa mmoja akaandika, "Umetoka Ukambani ukaja kupanda magugu kwenye barafu?" Vicheko vikafuata. Pale nilinyamaza, kwa sababu kuna wazee kwenye kikundi, lakini dharau hiyo imenikaa rohoni na leo nitajibu kwa urefu.

Hayo mnayoyaita magugu ndiyo wenyeji halisi wa ardhi hii. Kabla ya plau za walowezi, Minnesota ilikuwa na karibu ekari milioni 18 za mbuga za nyasi na maua, nchi ya Wadakota, watu wa asili wa hapa. Leo imesalia zaidi kidogo ya asilimia 1. Kwingine ni mahindi, soya, mabarabara na ile nyasi fupi ya mbele ya nyumba ambayo mtu anaikata wikendi nzima na hata mbuzi haili. Kuna kipepeo wa rangi ya machungwa na mistari myeusi, monaki, ambaye kiwavi wake hula majani ya milkwidi tu, mmea wa porini wenye utomvu mweupe. Akikosa milkwidi, hana chakula kingine. Kipepeo huyo hafiki gramu 1, na majira ya joto yakiisha anaruka kutoka huku hadi misitu ya milimani Michoacán, Mexico. Mimi nimepanda basi kutoka Machakos hadi Mombasa na nikashuka nimechoka. Siwezi kumdharau kiumbe wa namna hiyo, wala chakula cha watoto wake.

Sasa, kwa nini nipande wakati wa baridi? Kwetu mbegu inangoja mvua. Huku inangoja baridi ipite. Milkwidi inapukutisha mbegu zake vuli, na kama zingeota hapo hapo, baridi ya Novemba ingeua miche yote. Kwa hiyo mbegu imejifunga, haifunguki mpaka ikae kwenye unyevu na baridi mwezi mzima au zaidi. Maua ya aster ya huku yanataka hata miezi miwili. Ukizipanda Mei moja kwa moja kutoka kwenye bahasha utamwagilia udongo mtupu, kisha utalaumu aliyekupa mbegu.

Kazi yenyewe haina gharama. Unachukua galoni ya maziwa ile nyeupe inayopitisha mwanga, unaiosha, unaitoboa matundu chini, kisha unaikata katikati kuizunguka lakini unaacha kipande chini ya mkono wake kiwe bawaba. Unatia udongo wa vidole vinne hivi, ulolowe vizuri, unatawanya mbegu. Zile ndogo kama vumbi, mfano za ua la monada, usizifukie, zibonyeze tu, maana zinataka mwanga. Unafunga kwa utepe wa gundi ule mgumu, unatupa kifuniko ili theluji iyeyukie ndani, unaiweka nje. Basi. Aprili theluji ikiondoka utaona kijani. Mche uliozaliwa nje hauhitaji kuzoeshwa jua na upepo kama ule wa dirishani.

Na dukani? Mche mmoja wa ua la ekinasia niliuona dola 15. Mmoja! Nanyi mnajua dola 15 ni debe ngapi nyumbani. Tena baadhi ya miche ya kuuzwa imepuliziwa dawa ya wadudu, ununue milkwidi umlishe kiwavi sumu.

Lakini mbegu hizi sikununua. Kila Jumamosi ya mwisho ya Januari watu wa Marekani hubadilishana mbegu, na mwaka huu nilikwenda maktaba moja Saint Paul, nje kukiwa na baridi ya kupasua midomo. Nilikwenda mikono mitupu na nilikaa karibu na mlango, maana kwetu hauendi kwenye harambee bila chochote. Mzee mmoja akaniita, akaniuliza uani kwangu jua linapiga upande gani na udongo ukoje. Akatoa ganda la milkwidi lililokauka, akalipasua. Ndani mbegu za kahawia zimelaliana kama magamba ya samaki, kila moja na nywele zake nyeupe laini. Akazitia kwenye mfuko wa karatasi pamoja na sarafu chache, akautikisa, akatoboa pembe ya chini. Mbegu zikadondoka safi, pamba ikabaki ndani. Akanijazia bahasha, akaandika jina la mmea, mahali na mwaka wa kuvuna. Nikamuuliza bei. Alisema nikivuna nimpe mtu mwingine.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama. Kunde na pojo alizohifadhi kwa majivu kwenye kibuyu, mahindi ya Kikamba yaliyoning'inia juu ya meko yakila moshi, alizipata kwa mama yake na kuwagawia majirani kila msimu. Halafu ikaja sheria ya mbegu ya Kenya na marekebisho yake ya 2012: kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa, faini hadi shilingi milioni 1 au kifungo hadi miaka 2. Mama akawa anafungia kunde kwenye leso na kuzipeleka kwa jirani jioni, kama mtu anayepeleka pombe haramu. Mwanamke aliyelisha kijiji! Wakulima 15 walikwenda Mahakama Kuu ya Machakos mwaka 2022, na Novemba 2025 jaji akafuta vifungu hivyo kwa kuvunja Katiba. Nililia kwa furaha nikiwa kazini. Hata Minnesota ilibidi warekebishe sheria yao mwaka 2015 ili watu wapeane mbegu bila kusumbuliwa, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba haiwezekani.

Kinachoniudhi ni sisi wenyewe. Mbegu za managu, ile mboga ya majani ya kwetu, tunauziana kwa vijiko kwa madola, Mkenya kwa Mkenya, na mzungu asiyenijua ananijazia bahasha bure. Ndugu zangu, hii si sawa.

Na ninyi mnaojiandaa kuja, msifunge mbegu ndani ya nguo. Bila cheti cha afya ya mimea zitachukuliwa uwanja wa ndege, na ukizificha bila kuzitaja kwenye fomu utatozwa faini kabla hujaonja nchi. Managu, kunde na mchicha vipo huku tayari, muulize aliyetangulia. Leteni koti zuri, na tafuteni kitu cha kufanya Januari, maana giza la saa kumi na moja jioni limewavunja watu wenye nguvu.

Mimi nina milkwidi, monada na ekinasia za kutosha, pamoja na managu niliyovuna mwenyewe. Aliye Minneapolis au Saint Paul aniandikie faraghani nimpe, hata yule aliyecheka. Aje na galoni yake, na aje Februari hii, kwa sababu akingoja Aprili baridi iliyobaki haitatosha milkwidi.