Trei za mayai zilivyonifungua macho kwenye mapengo ya namba tasa

Mi nauza chipsi mayai Buguruni, hesabu niliziacha kulekule shule ya msingi. Likizo ya mwezi wa sita mpwa wangu alikuja, jioni moja umeme umekatika wateja hakuna, dogo anafanya zoezi la namba tasa, zile zinazogawanyika kwa moja na zenyewe tu, nikamuuliza hivi kutoka tasa moja mpaka inayofuata huwa zinaruka ngapi? Hajui. Basi nikakomaa nayo mwenyewe.

Karatasi hamna ila trei tupu kibao, nikachukua maka peni nikawa naandika namba kwenye vishimo, sita kila mstari, trei moja inaishia 30. Trei nne zikanifikisha 120, tasa nikazizungushia. Kufika 100 nimepata 26, kitabu cha dogo kinasema 25, nikabishana naye weee (najifanya najua) mpaka akaniambia "Anko, 91 si saba mara kumi na tatu?" Daah.

Ila nilipoziangalia vizuri nikaona ukitoa 2 na 3, tasa zote zimekaa safu mbili tu, ya kwanza na ya tano! Safu ya pili, ya nne na ya sita ni shufwa, ya tatu inagawanyika kwa tatu, kwisha habari. Kwa hiyo kuruka 4 ni kutoka safu ya kwanza kwenda ya tano mstari uleule, kuruka 2 ni kutoka ya tano kwenda ya kwanza mstari wa chini yake, na kuruka 6 unashuka tu safu ileile. Ukisharuka 2 huwezi kuruka 2 tena, unadondokea safu ya tatu, ndo mana 3, 5, 7 wako peke yao. Ila 6 inajirudia fresh tu, cheki 47, 53, 59.

Mteja mmoja akachungulia, "bro, hiyo ni mikeka ya leo?"

Nikahamia kwenye kauntabuku mpaka 1,000. Pengo la 6 limetokea mara 44, la 4 mara 40, la 2 mara 35. La 16 hata moja hamna, wakati la 20 lipo, 887 mpaka 907.

Dogo akagugo, kuna jamaa anaitwa Yitang Zhang, 2013 akiwa Marekani alithibitisha kwamba jozi za tasa zenye pengo chini ya milioni 70 haziishi. Nikacheka, milioni 70 nayo pengo? Kumbe kabla yake hakuna aliyewahi kuthibitisha kikomo chochote, wenzake wakaishusha mpaka 246. Kama za pengo la 2 haziishi, mpaka leo haijathibitishwa.

Halafu wanakadiria mbele huko, kwenye namba za tarakimu kama 36, pengo la 6 litapitwa na la 30 kwa kutokea mara nyingi. Yani trei nzima! Mi nimeishia 1361, nilipokuta pengo la 34 toka 1327, na zile trei zangu nne jamaa wa mayai ameshazibeba.