Tuwapime wavuvi wakati wa mbalamwezi

Anayepanga siku za kupima kifua kikuu (TB) huku kwetu Igombe, kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, inabidi aangalie mwezi kwanza. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukishapevuka taa hazivuti kitu, mitumbwi inapandishwa mchangani, na vijana wanashinda mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, wakishona nyavu. Siku nyingine zote, saa ambazo zahanati iko wazi mvuvi wa dagaa amelala, na akiamka kwenda ziwani sisi tumeshafunga. Kumsubiri mtu huyu aje mwenyewe kupima ni kumwacha.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kazi yangu ni kupita kambini na kuuliza: unakohoa kwa wiki mbili au zaidi? Homa za jioni? Jasho la usiku? Umepungua uzito? Majibu wanayo tayari. Kikohozi ni moshi wa kubanika samaki. Jasho ni joto la mabati. Kukonda, nani asiyekonda kwa kazi ya kuvuta wavu usiku kucha? "Mayu (mama), hii ni baridi ya ziwa tu," ananiambia kijana ambaye suruali yake ameikaza kwa kamba ya nailoni.

Nikiingia kwenye mabanda yao ndipo roho inaniuma. Wanaume wanalala wamebanana chumba kimoja, dirisha limezibwa kwa gunia kuzuia mbu na upepo. Mwenzao akianza kukohoa damu wanamtengea sahani na kikombe, halafu usiku wanalala naye humo humo, dirisha limezibwa vile vile. Vyombo havina hatia. Vimelea vya TB vinasafiri hewani. Ningekuwa na uwezo wa kuamuru jambo moja tu kambini, ningeamuru yale magunia yatolewe madirishani.

Kuuliza maswali tu hakutoshi, na hili napenda wakubwa wanaopanga bajeti walisikie. Tafiti za nchi nyingi za Afrika na Asia zimeonyesha kwamba nusu au zaidi ya watu wanaokutwa na TB kwenye jamii hawana kikohozi cha muda mrefu. Nimemwona mmoja wa namna hiyo. Mwenzake wa bandani aligundulika, tukaenda kuwapima wote waliolala naye. Huyu alikuwa anacheka, anabeba ndoo za dagaa mbili mbili. Eksirei ikaonyesha doa, makohozi yakapelekwa kwenye GeneXpert, mashine ya kutambua vimelea vya TB, ambayo huchukua kama saa mbili, na jibu likawa anayo.

Kule Vietnam, mkoa wa Ca Mau, waliwapima makohozi watu wazima kila mwaka kwa miaka 3, awe anakohoa au hakohoi. Mwaka wa 4 TB ilikuwa pungufu kwa asilimia 44 ikilinganishwa na maeneo ambayo hayakupimwa hivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Zambia na Afrika Kusini walijaribu njia nyepesi zaidi, ya kuhamasisha watu na kuwarahisishia wanaojihisi wagonjwa kuleta makohozi, na ugonjwa haukupungua. Kwa hiyo mwaloni tuingie banda kwa banda, tumpime kila aliyemo.

Makohozi yenyewe yana utaratibu wake. Sukutua kwa maji, simama nje penye hewa, vuta pumzi mpaka chini, kisha kohoa kutoka kifuani. Mate hayasaidii. Ya asubuhi ndiyo mazuri.

Akishakutwa nayo, dawa ni bure: kwa kawaida miezi 6, dawa 4 kwa miezi 2 ya mwanzo, kisha 2 kwa miezi 4. Mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa asiogope, ni dawa. Shida ni kwamba mvuvi anafuata samaki. Leo yuko Igombe, mwezi ujao yuko kisiwani Kome au Ukerewe. Kabla hujapanda mtumbwi, pita kituoni uandikiwe uhamisho, na kadi yako usiiache kambini.

Na ninyi matajiri wa mitumbwi, nawaomba sana. Yupo aliyemfukuza kijana siku ile ile aliposikia jibu lake, na tangu hapo bandani mwake hakuna anayekubali kutoa makohozi. Tajiri mwingine alimwambia kijana wake: kaa nchi kavu, tumia dawa, nafasi yako ipo. Mbalamwezi iliyofuata, vijana wake wote walipanga foleni kabla sijafungua boksi la makopo ya makohozi.