Flashi za wateja ndizo zilizonihamishia Linux

Mimi si mtu wa kompyuta. Nina steshenari ndogo Morogoro: fotokopi, kuchapa barua, kuprinti, laminesheni ya vyeti, na msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, foleni hadi barazani. Windows nilikuwa naijua kama ninavyoijua njia ya kwenda nyumbani. Naweza kupita gizani, ila usiniulize majina ya mitaa.

Kilichonichosha ni flashi. Mtu anakuja na flashi iliyokwisha kuchomekwa chuoni, kwa jirani na kwenye steshenari nyingine tatu. Ukiifungua unakuta kila folda imegeuka shotikati, ukibofya, kirusi kinahamia kwako. Mteja anayefuata anachomeka ya kwake, anaondoka nacho. Yaani nilikuwa wakala wa virusi bila kulipwa kamisheni. Kila baada ya miezi miwili mitatu nampelekea fundi laptopu aipige Windows upya, naye anapiga nakala ileile isiyo na leseni anayotembea nayo, mimi nakaa siku mbili sina kazi.

Kisha ikafika tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft waliyoacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel Core, kuanzia kizazi cha 8. Yangu ni Core i3 ya kizazi cha 4, RAM GB 4, mtumba. Fundi akaitazama kama daktari anayeongea na ndugu wa mgonjwa: "Dada, hii imeshazeeka. Tafuta nyingine." Kijana wa chuo aliyekuwa anasubiri kuprinti akadakia, "Dada, mbona kwa Linux hiyo bado mbichi kabisa?" Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows, ila wa bure.

Akaniandikia kwenye karatasi: Linux Mint 22, Xfce. Mint ni mojawapo ya Linux nyingi zilizopo, na Xfce ni aina yake nyepesi, kwa mashine za watu kama sisi. Nikanunua bando la usiku, nikapakua faili la karibu GB 3, nikaliandika kwenye flashi ya GB 8 kwa programu inayoitwa Rufus. Asubuhi nikawasha laptopu huku nabonyeza F12, nikachagua flashi, Mint ikafunguka bila kugusa chochote ndani ya diski. Hilo sikulijua kabla: unaweza kuijaribu siku nzima, ukizima, Windows yako iko palepale. Na mle ndani nikaona kwamba Mint imejengwa juu ya Ubuntu, mfumo ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni utu wetu huuhuu, halihitaji kamusi.

Mezani kulikuwa na flashi ya mwalimu mstaafu iliyonishinda jana yake. Nikaichomeka. Zikatokea zile shotikati, na faili moja lenye mkia wa .vbs, yaani kirusi chenyewe, na chini yake folda isiyo na jina, tupu pale jina linapokaa. Nikaifungua. Vitu vyote vilikuwemo. Kirusi kilikuwa kimevificha kwa alama ambayo Windows huitii, Linux haina habari nayo. Na shotikati zenyewe nikizibofya hazifanyi kitu, maana zimeandikiwa Windows, huku hazina wa kuongea naye. Sisemi Linux haina virusi vyake. Nasema hivi vya flashi, vinavyotutesa sisi, huku vimelala tu kama mende waliopuliziwa dawa. Nikavifuta kimoja kimoja kwa raha zangu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umeambulia chochote?"

"Vyote, mwalimu. Mpaka picha za harusi ya binti yako."

Jumapili ile nikahifadhi kazi zangu kwenye diski ya nje, nikaweka Mint kabisa, nusu ya diski nikaiachia Windows, kwa sababu moyo ulikuwa bado haujakata shauri. Nilipomaliza, Wi-Fi haipo. Draiva yake, ile programu ndogo inayokiendesha kifaa, inapatikana intaneti, na intaneti ndiyo sina! Nikachukua waya wa chaji, nikaunganisha simu na laptopu, nikawasha kwenye simu kile kipengele cha kugawa intaneti kwa USB, ikakubali papo hapo. Meneja wa draiva akaipata yenyewe.

Saa ndiyo iliyonichekesha. Kila nikitoka Mint kwenda Windows, saa inarudi nyuma masaa matatu: saa nne asubuhi inaandika 07:00. Kwa sisi ambao tayari tunajumlisha na kutoa sita kichwani, hilo lilikuwa la kuongezea. Kumbe Linux huiweka saa ya ndani ya mashine kwa majira ya kimataifa ya UTC, Windows huisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko mbele kwa masaa matatu. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye lile dirisha la amri: timedatectl set-local-rtc 1. Ndiyo amri ya kwanza niliyowahi kuandika maishani, nikajihisi fundi.

Aibu ilinipata wiki ya pili. Binti mmoja alileta utafiti wake nimrekebishie kurasa. Nikanakili kwenye flashi yake, mstari wa kunakili ukafika mwisho, nikachomoa. Jioni akarudi macho mekundu: faili lipo, ndani hamna kitu. Linux inaweza kukuambia imemaliza kunakili huku data bado ziko kwenye RAM zinasubiri kuandikwa. Lazima ubofye alama ya kutoa flashi na usubiri ikuruhusu. Nakala ilikuwa bado kwangu, tukashukuru Mungu, nikamprintia bure. Sasa nimebandika karatasi mezani: FLASHI HAICHOMOLEWI MPAKA NISEME.

LibreOffice, programu ya bure inayoshika nafasi ya Word na Excel, haikunisumbua nilivyotarajia. Barua za wateja za .docx zinafunguka, majedwali ndiyo hupinda mara mojamoja. Niliweka kifurushi cha ttf-mscorefonts-installer, chenye miandiko ya Microsoft, Times New Roman na Arial zikarudi. CV iliyopangwa kwa mbwembwe za masanduku na rangi, namwomba mteja aniletee PDF, basi.

Kilichonigomea ni skana. Mashine yangu ya tatu kwa moja inaprinti vizuri mno kutoka Mint, ilitambulika kabla sijamaliza kuinamia waya. Kuskani haitaki. Nimejaribu draiva mbili, nimekesha na maelezo ya watu, nimeachana nayo. Kwa hiyo Windows bado ninayo kwenye ile nusu ya diski, na haichomekwi flashi ya mtu. Kazi za kuskani nazikusanya kwenye bahasha, saa saba mchana watu wakienda kula nazima, nawasha upande wa pili, naskani zote kwa mkupuo. Mteja wa vyeti akija saa tatu asubuhi namwambia aviache, apitie saa nane. Wengine wananuna, wanaenda kwa jirani.