Siku moja maishani mwangu: fundi wa kukuza picha, Morogoro

Saa 2 asubuhi nafungua studio. Kabla printa haijapata moto, simu inalia. Kijana amefiwa na baba, maziko kesho, anataka picha ya A3 ya kuweka kwenye fremu. Aliyonitumia kwa WhatsApp ni ya harusini. Nikimkata mzee peke yake, nabaki na pikseli (vinukta vinavyojenga picha) 440 kwa upana. Kwa karatasi ya A3, pikseli 200 kwa inchi, nahitaji 2339.

Nampigia, nampa pole, kisha namuuliza nani alipiga. Shangazi yake. Basi aitume kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha WhatsApp inaibana na kupunguza pikseli.

Saa 4 inafika nzima, na mzee sasa ana pikseli 1100. Hapo kuna kazi ya kufanya. Kwanza naondoa chenga, yaani vile vidoadoa vya picha, ndipo nakuza kwa Photoshop, njia ya Preserve Details 2.0, mara mbili na ushee. Kunoa, yaani kukoleza kingo ili picha ionekane kali, ni mwisho kabisa. Ukinoa mapema, kila chenga inakua pamoja na uso.

Saa 6 umeme unakatika. Wali maharage.

Saa 8 umeme umerudi, na dogo ninayemfundisha kazi kashaipitisha picha kwenye programu ya akili mnemba. "Kaka, cheki ilivyotakata!" Imetakata kweli, ila mzee alikuwa na mwanya, programu imeuziba. Kovu la juu ya jicho halipo. Programu hizi hubuni kisichokuwepo kwa kukisia kutoka nyuso nyingine. Kwa picha ya ua sina neno. Kwa marehemu, heri uso wenye ukungu kidogo kuliko uso wa mtu mwingine. Nimeifuta.

Saa 10 kijana anakuja na shangazi. Shikamoo, marahaba, pole tena. Nawachapia kwanza kipande cha uso kwenye A4, waone ukubwa halisi. Shangazi anasogeza miwani. "Ndiye," anasema, halafu anaanza kushusha bei ya fremu.

Saa 12 jioni, dada wa saluni anataka bango la mita 2. Ana wasiwasi picha yake ya simu, 4000 kwa 3000, ni ndogo. Itatoka kama pikseli 50 kwa inchi, na bango la ng'ambo ya barabara halisomwi kwa pua. Haniamini. Nimemchapia kipande, dogo amekishika kule ng'ambo kwenye bodaboda, dada akakiangalia toka huku, naye ametoa advansi.