Mvua au Mifereji? Jinsi Nilivyotafuta Jibu Usangu

Nilipokwenda Mbarali, wilaya ya mkoa wa Mbeya iliyo katika bonde la Usangu, kufanya utafiti wa shahada yangu juu ya kwa nini Mto Ruaha Mkuu hukauka, nilikuta swali langu limekwisha kujibiwa mara mbili, na majibu yanapingana. Wakulima wa mpunga walio juu ya mto walisema mvua zimepungua, na walio chini wakasema maji yanaishia kwa wenzao. Lisilo na ubishi ni kwamba Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulikauka ndani ya Hifadhi ya Ruaha mwaka 1993, na tangu hapo umezoea kukatika kiangazi, viboko wakibanana katika madimbwi yaliyobaki.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutumia jumla za mwaka. Nilichukua kumbukumbu za mvua na za mtiririko wa mto mmoja unaoilisha Usangu, nikajumlisha mvua ya kila mwaka juu ya ile ya miaka iliyotangulia, maji ya mto vilevile, kisha nikachora jumla moja dhidi ya nyingine. Mto ukitegemea mvua pekee, nukta hujipanga katika mstari ulionyooka. Mstari ukipinda, kuna jambo jingine limeingia. Wangu ulinyooka, nikadhani sina cha kuandika. Ilinichukua wiki kadhaa kung'amua kwamba mafuriko ya masika ni mengi kiasi kwamba yanafunika kabisa upungufu wa miezi ya ukame.

Nikatenga majira. Mstari wa masika ukabaki ulivyo, ila ule wa kiangazi ukapinda kuelekea chini. Sikufurahi mapema, kwa sababu hata kipimo kilichohamishwa huweza kuupinda mstari, na daftari la kituo lilionyesha kwamba kipimo cha kina kiliwahi kusombwa na kusimikwa upya. Niliiondoa miezi iliyotiliwa shaka, nikachora tena, na mpindo ukabaki palepale.

Hapo niliacha karatasi nikafuata mifereji kwa miguu. Banio, yaani kizuizi cha kuelekeza maji ya mto mferejini, zamani lilikuwa la miti, mawe na majani, nalo lilivuja, tena mafuriko yalilibomoa kila mwaka, hivyo wa chini walipata chao bila kuomba. Banio la zege lenye mlango wa chuma, lililojengwa kwa nia njema kabisa, linaweza kuchukua karibu maji yote ya kiangazi. Ajabu ni kwamba majaruba yalikuwa yamekwisha kuvunwa na mfereji bado umejaa. Nilimuuliza mzee mmoja kwa nini hafungi.

"Mwanangu," akanijibu, "nikiufunga, mama yenu atachota wapi? Na ng'ombe je, na matofali ya kijana wangu?"

"Kweli, mzee," nilisema, kwa maana sikuwa na jibu bora zaidi.

Hata hivyo sikuweza kuiondolea hali ya hewa lawama zote, hasa joto la jua. Mito hii huingia kwanza katika kinamasi cha Ihefu, ambacho hutoa maji kwa kupitia kizingiti cha mwamba pale N'giriama. Kina kikishuka chini ya mwamba huo, Ruaha hausubiri kupungua taratibu, unasimama. Mifereji hupunguza maji yanayoingia, na jua huyavukiza yaliyotandaa juu ya kinamasi. Kwa hiyo katika mwaka wa ukame sentimita chache zinazopotea kwa uvukizaji ndizo zinazoweza kuamua siku mto unapokatika, ingawa zisingeweza kufanya hivyo iwapo mabanio yangeachia maji zaidi.

Msimamizi wangu alitaka nitaje upungufu huo ni asilimia ngapi kwa sababu ya hali ya hewa na ngapi kwa sababu ya binadamu, ziwekwe kwenye ukurasa wa kwanza. Nilimwomba aniruhusu kuandika hesabu mbili, ya masika peke yake na ya kiangazi peke yake, na baada ya kubishana mchana mzima juu ya ule mchoro wa kwanza ulionyooka, alikubali.