Wau au He

Kwa miaka sita nilipita karibu na Russell Square alfajiri, nikitoka zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, huku usingizi umenilemea. Sikujua kwamba hatua chache kutoka kituo changu cha basi kuna masanduku yenye maandishi ya watu wa Lamu, Pate na Mombasa. Nilijua kwa bahati tu. Usiku mmoja, wazee wamelala, nilikuwa natafuta kwenye simu beti za utendi ambao shangazi alikuwa akitusomea tukiwa wadogo, ikajitokeza katalogi ya maktaba ya SOAS, chuo kikuu cha London kinachofundisha lugha za Afrika na Asia. Lugha: Kiswahili. Hati: Kiarabu, yaani Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nilisoma mistari ile miwili mara tatu.

Nikaandika barua pepe nikitarajia kuulizwa mimi ni mwanafunzi wa wapi. Niliulizwa jambo moja tu: unataka kuona nini, na utakuja siku gani?

Kama hujawahi kuingia chumba cha kusomea nyaraka, utaratibu wake ni huu. Mkoba unaacha nje. Kalamu ya wino ni marufuku, unaandika kwa penseli. Kitabu unakilaza juu ya mto wa sponji mgongo wake usije ukavunjika, na ukurasa unaushikilia kwa kamba nzito iliyoshonewa kitambaa. Nilidhani nitavishwa glavu nyeupe, kumbe kwa karatasi mikono safi iliyokauka ni bora zaidi, maana kidole kilichovaa glavu hakihisi ukingo wa karatasi na ni rahisi kuuchana.

Kitu cha kwanza nilichofunguliwa kilikuwa kazi ya Muhamadi Kijuma. Wengi wetu tumesoma tendi shuleni bila kusikia jina lake, na hilo linanisikitisha. Kijuma alikuwa mtu wa Lamu, fundi wa kuchonga milango, mtunzi, mwanamuziki, na juu ya yote mwandishi wa hati ya kupendeza. Mzungu mmoja aitwaye William Hichens, aliyekuwa Uingereza, alikuwa akimwandikia kuomba nakala za mashairi, naye Kijuma akinakili na kutuma. Barua zake mwenyewe ziko katika mkusanyiko huohuo. Nilitazama mapambo aliyoyachora, maua na mizunguko inayofuatana bila kukatika, nikahisi namwona mtu aliyezoea patasi. Kila mkunjo una mwanzo na mwisho, hakuna uliochorwa kwa haraka.

Nikaanza kusoma, na hapo ndipo raha ilipochanganyika na taabu.

Nilisoma chuo cha Kurani utotoni, herufi za Kiarabu nazijua. Lakini Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu hakisomwi kwa macho peke yake. Waandishi wengi wa zamani hawakuwa na alama maalumu ya p. Waliiazima be, na be hiyohiyo ikabeba b, p na mb. Fe ikabeba f na v. Ghaini ikabeba g na ng. Kwa hiyo neno lenye be mbili laweza kuwa baba, papa, pamba au bamba, nawe huwezi kujua mpaka ulitamke, ulisikie masikioni, ulipime na maneno jirani. Nikajikuta natembeza midomo katika chumba ambamo hata kukohoa unaona haya. Dada mmoja aliyekaa mbele yangu aliinua kichwa, akatabasamu, akarudi kwenye ramani zake.

Tangu siku ile nimejua kwa nini watu wetu waliposoma tendi walizisoma kwa sauti. Ukurasa ule unadai kinywa. Msomaji wa kwanza alikuwa anakifahamu Kiswahili kabla hajaona herufi hata moja, basi mwandishi akamwachia sehemu yake ya kazi.

Maprofesa na mashekhe wamehangaika sana na suala hili la herufi. Mmoja wao alikuwa Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, aliyeishi hapahapa London na kupendekeza namna bora ya kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Karatasi zake nazo ziko SOAS. Nilifurahi mno kulijua hilo. Mtu wa kwetu, ughaibuni, ameketi kutafuta alama ya p!

Yako mengine mengi. Mashairi ya Muyaka bin Haji yamo humo, yale ambayo mwalimu aliyeitwa Sikujua aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu wa Mombasa miongo kadhaa baada ya Muyaka kufariki, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Na si London tu. Barua za Kiswahili za kale kuliko zote zinazojulikana, zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, zimehifadhiwa Goa, India. Hati za msikiti wa Riyadha, Lamu, zimepigwa picha na zinaonekana kwenye intaneti bila malipo, wala huhitaji kusafiri.

Lakini mimi nilikuwa nimefuata utendi wa shangazi, na ni huohuo nilioagiza mara ya pili: Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858 hivi, akiwa mgonjwa, kumwachia wasia binti yake Mwana Hashima. Nilipofunuliwa ukurasa wa kwanza nikaona "Negema wangu binti", yaani nisogelee binti yangu, macho yakanijaa. Nikausoma ubeti mzima kwa pumzi moja.

Jioni nikampigia shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamwambia nilichokiona. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza: "Negema wangu binti, mchachefu hasanati..."

Nikamkatiza. "Shangazi, si *mchachefu wa sanati*?"

"Nani kakwambia? Sisi tumefunzwa hasanati."

Nikafungua kitabu cha chapa nilicho nacho: wa sanati. Sanati ni miaka, yaani mama anamwita binti ambaye bado ni mdogo. Hasanati ni mema, thawabu. Hapo mwenye uchache ni mwenye mema machache mbele ya Mungu, na wako wafasiri wanaosema huyo ni mama mwenyewe, anajinyenyekeza kabla ya kuusia. Maana mbili zilizo mbali kabisa, na kinachozitenga ni herufi moja mwanzoni mwa neno. Wa sanati huanza kwa wau, hasanati kwa he. Wau haishikani na herufi inayoifuata. He hushikana nayo. Mtu akitazama vizuri hawezi kukosea.

"Sasa huko ulikokwenda wameandikaje?" shangazi akauliza.

Nilikuwa na ukurasa ule chini ya kidole changu saa sita tu zilizopita, na nilishindwa kumjibu. Nilikuwa nimesoma ubeti niliokwisha kuujua, si ulioandikwa. Jicho lilipita juu ya herufi ile likaendelea.

"Basi rudi ukatazame," akasema. "Na usisome kwa haraka. Halafu angalia na ubeti wa pili wameuandikaje, nao huo una maneno yake."

Nimeomba nafasi Jumanne ijayo, saa nne asubuhi, moja kwa moja kutoka zamu. Penseli nimeshaichonga.